Nilitia Sifuri Kwenye Bahasha ya Mwalimu Kalolo

Nimekosa mimi. Wengine nitawataja, tena kwa majina, lakini msije mkasema nimeanza kwa kunyooshea watu kidole. Mkono uliofunga ile bahasha ni huu wangu.

Jina langu naliacha. Nina miaka hamsini na moja, elimu yangu darasa la saba, na kwa miaka kumi na mbili nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ndogo ya kuchapa vitabu hapa Mbeya, mtaa wa Soweto. Kabla ya hapo nilikuwa Chunya, nachimba dhahabu kwenye mashimo ya watu.

Shimo letu liliporomoka tukiwa wanne ndani. Tulitoka wawili. Nilikaa chini ya kifusi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, mdomo umejaa vumbi, namsikia mwenzangu anagonga jiwe, anagonga, halafu hagongi tena.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya mwoga. Mtu aliyewahi kufukiwa, akipata kazi ya juu ya ardhi, kwenye chumba chenye dirisha, haiachii. Anaweza kufanya mambo ya aibu ili asirudi chini.

Pale kazini waliniita Mchimbaji. Sikujali. Vitabu nilivijua kwa uzito na kwa rangi ya mgongo. Waandishi niliwajua kwa sura, maana wakija kuchukua nakala zao walipitia kwangu. Wengi ni walimu wastaafu, wana hamu ya mazungumzo kuliko hizo nakala zenyewe.

Aliyenikaa moyoni ni Mwalimu Zakaria Kalolo wa Mlandege, Iringa. Mzee wa miaka themanini na kitu, mwembamba, koti moja la kahawia kiangazi na masika. Kila nikipeleka mzigo wa vitabu Iringa nilifikia kwake. Nimekula kande zake, nimekunywa ulanzi wake, nimelala kwenye kitanda cha sebuleni kwake mpaka majirani wakadhani mimi ni mtoto wake wa nje.

Mwalimu aliandika kitabu cha binti mfuga nyuki. Ndicho kitabu cha kwanza maishani mwangu kukisoma mpaka mwisho. Nilikisomea stoo, nimekaa juu ya maboksi yake. Mwishoni binti anavuka mto kufuata kundi la nyuki waliohama, mzinga mtupu kichwani, mama yake amebaki ng'ambo anaita. Kinaishia hapo. Watoto wa shule walikuwa wananiuliza mimi, mtu wa kufunga kamba maboksi: "Mjomba, yule binti alirudi?"

Nikampelekea Mwalimu swali hilo. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku tatu. Sehemu ya pili. Kurasa zimejaa wino wa bluu, mwandiko wa walimu wa zamani, herufi zote zimelala upande mmoja kama ngano iliyopitiwa na upepo.

"Bado kidogo," akasema. "Nikijua kuna watu wanamsubiri, namaliza. Nikijua hakuna, namwacha apumzike, na mimi nipumzike. Kujua kwangu ni kile kikaratasi mnachoniletea Juni na Desemba."

Kikaratasi hicho ndiyo taarifa ya mrabaha, yaani lile fungu la mwandishi kwa kila kitabu chake kinachouzwa. Juu jina lake, katikati idadi ya vitabu vilivyouzwa. Mwalimu hakuwa mtu wa kuangalia pesa. Aliangalia idadi. Alikuwa anaibandika ukutani, pembeni ya kalenda ya kanisa.

Sasa nisikilizeni.

Mwezi wa tatu mwaka jana kampuni ilinunua mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia mirabaha. Kabla ya hapo meneja wetu, Madamu Atupele, aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa. Orodha ya vitabu ilikuwa ndefu, na ukiviingiza kimoja kimoja mwezi unaisha. Ila mfumo una njia ya kumeza orodha yote kwa mkupuo. Unaipanga kwenye Excel: safu hii jina la kitabu, safu hii jina la mwandishi, safu hii namba ya mwandishi. Unabonyeza, yote inaingia.

Aliyepewa kazi ni Festo. Mhasibu. Festo mwenye viatu vyenye ncha, Festo wa "mimi nimesoma Dar". Namtaja na akisoma ajijue.

Namba za waandishi zilikuwa kwenye kadi zangu, stoo, maboksi manne. Kila mwandishi ana kadi yake na namba yake, ili watu wa jina moja wasichanganywe. Nikamwambia.

"Festo, nipe siku tatu nizitoe zote."

"Siku tatu? Mchimbaji, hapa hatutafuti dhahabu. Mfumo una akili, unawajua watu kwa majina."

"Majina yanafanana, kaka."

"Yakifanana si utatuambia wewe? Si ndiye unayejifanya unawajua wote?"

Yule aliyetuuzia mfumo alisema kwenye simu, spika iko wazi, nikasikia kwa masikio yangu: jaribuni kwanza na vitabu kumi, mvikague, ndipo muingize vingine. Festo akakata simu, akasema kumi ni mchezo wa watoto. Madamu Atupele alitaka kazi iishe Ijumaa, kwa sababu wakurugenzi walikuwa wanakuja Jumatatu kuuona mfumo. Kwa hiyo safu ya namba ikaachwa tupu. Orodha yote ikaingia mara moja, Ijumaa saa tisa mchana.

Mfumo ukaleta ukurasa wa manjano. Majina yanayofanana, mawili mawili. Kwa kila jozi unauliza: huyu na huyu ni mtu mmoja?

"Mchimbaji, njoo," Festo akaita. "Saa yako imefika."

Nikaja. Madamu yuko nyuma yangu na kikombe cha chai, wasichana wa mauzo wamesimama mlangoni. Festo anasoma, mimi najibu.

"Sanga Esta na Sanga Esta?"

"Mmoja."

"Mwakalinga wa hesabu na Mwakalinga wa hesabu?"

"Mmoja huyo."

"Luvanda?"

"Hao wawili. Mmoja yuko Njombe, mwingine alishafariki."

"Mwe, huyu ni kompyuta ya pili!" Madamu akasema. Wasichana wakacheka, kicheko kizuri, cha kusifu.

Jamani, sijawahi kusifiwa hivyo. Mtu wa darasa la saba, watu wenye digrii wananisubiri niseme ndiyo au hapana. Nikaanza kujibu kabla Festo hajamaliza kusoma. Kujibu haraka nikakuona ndiyo akili.

"Kalolo Zakaria na Kalolo Zakaria?"

"Mmoja! Huyo nimelala kwake."

Akabonyeza.

Wakati huo mjukuu wa Mwalimu, anayeitwa Zakaria Kalolo vilevile, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, alikuwa ametoa kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kimechapwa kwetu. Maboksi sita niliyapokea mimi, nikasaini mimi. Huku kwetu mjukuu anabeba jina la babu, hata mimi nimebeba la babu yangu. Mwalimu mwenyewe alikuwa anamwita "wajina". Nilimjua. Nimekaa naye meza moja.

Niliyajua yote hayo na nikasema mmoja.

Mfumo haukumfuta Mwalimu. Bora ungemfuta, mtu angeshtuka. Ulihamisha vitabu vyake vyote ukaviweka chini ya mjukuu, kwa kuwa jina la mjukuu lilikuwa na namba ya simu na la babu halikuwa nayo. Mzee ukamwacha kwenye orodha amesimama na jina lake, chini yake hakuna kitu.

Jumatatu asubuhi nikafungua stoo. Kitu cha kwanza mbele ya macho yangu ni yale maboksi ya kuku, jina kubwa ubavuni: Zakaria Kalolo. Nikakumbuka nilichojibu Ijumaa.

Shimoni Chunya kuna sheria moja. Ukisikia mchanga unashuka, hata wa kujaa kiganja tu, unapiga kelele, watu wote wanatoka. Ikiwa ulikosea watakucheka wiki nzima. Lakini unapiga kelele. Siku ya kwetu aliyesikia mchanga wa kwanza ni Lazaro, ndiye tuliyetoka naye. Aliniambia hospitali: "Nilisikia, ila nikaona mtanicheka." Nikaacha kumsemesha Lazaro tangu siku hiyo.

Nikaenda kwa Festo kabla wakurugenzi hawajafika. Nikamweleza.

Hakuinua macho. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyekosea. Unaelewa? Leo wageni wanakuja, Madamu ameshawaambia kazi imekamilika. Nitarekebisha mwenyewe, polepole."

"Lini?"

"Mchimbaji." Sasa akaniangalia. "Aliyesema mmoja ni nani? Mbele ya Madamu, mbele ya mauzo yote? Mimi nilibonyeza ulichosema. Likiwaka, mimi nina cheti. Wewe una sururu. Unataka kurudi Chunya?"

Nikarudi stoo, nikayageuza yale maboksi ya kuku, jina likaangalia ukutani.

Kila wiki nilimuuliza, na kila wiki jibu lilikuwa kesho. Mwezi wa tano nikaacha kuuliza. Nikajipa moyo kwamba ameshafanya. Hakuna kitu kitamu kama kujidanganya ukiwa na mshahara.

Juni ikafika. Taarifa za wazee wasio na simu za kisasa zilichapwa kwenye karatasi, na kuzitia kwenye bahasha na kuzipeleka stendi zipandishwe basi ilikuwa kazi yangu. Nikaichukua ya Mwalimu.

Vitabu vilivyouzwa: 0.

Kitabu cha binti kilikuwa kinatoka stoo kila wiki. Kamba nilifunga mwenyewe. Nikaitazama ile sifuri, ya duara, nyeusi. Nikakunja karatasi. Nikalamba gundi.

Siku ya tatu akapiga simu, kwa simu ya jirani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimepata kikaratasi." "Watoto hawasomi siku hizi?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Sentensi moja tu. Mwalimu, ni makosa ya kompyuta, vitabu vyako vinakwenda sana. Festo alikuwa amesimama mlangoni anaandika kwenye simu yake.

"Hali ngumu, Mwalimu," nikasema. "Biashara imelala."

"Basi. Tutasubiri Desemba. Binti amefika pabaya, nimemweka kwenye mti na moto unakuja. Nitamwacha huko kwanza, nione."

Akacheka. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kuhusu mjukuu: na yeye namtaja, Zakaria mdogo. Mwezi huohuo wa sita hela za babu yake ziliingia kwenye simu yake. Kijitabu cha kuku kilikuwa hakijauza hata boksi moja, na yeye alijua. Alipiga simu ofisini, nilimsikia Festo anaongea naye, anatoka nje na simu, anarudi anatabasamu. Sina ushahidi kwamba walikula pamoja. Nina macho tu.

Desemba haikuchelewa. Wiki mbili kabla, Mwalimu akapiga tena. Sauti imepungua.

"Mwanangu, nakwambia wewe kwa sababu wewe ulimsoma. Ikija sifuri tena, nitajua nimeambiwa pumzika. Kaunta buku zangu nitampa Mama Pendo."

Sikujua Mama Pendo ni nani. Nikadhani ni ndugu, au mama wa kanisani atakayezitunza. Nilipata hata nafuu.

Nikamkimbilia Festo. Nikamwomba, mtu mzima mimi, mikono nimekutanisha. "Kaka, hii ya Desemba isitoke hivi. Mzee anaacha kuandika."

"Mzee wa miaka themanini akiacha kuandika ni habari?" akasema. "Nimeshairekebisha. Nenda kafunge maboksi."

Alhamisi karatasi zikachapwa. Ya Mwalimu nikaitafuta kwanza.

Vitabu vilivyouzwa: 0.

Nilikaa nayo mpaka Ijumaa mchana. Niliiweka mfukoni, nikaitoa, nikaiweka. Nilisimama mlangoni kwa Madamu Atupele mara mbili. Mara ya pili akauliza, "Mchimbaji, una nini?" Nikasema funguo ya stoo inasumbua. Akasema mwite fundi.

Saa nane nikafika stendi na bahasha zote. Kondakta wa basi la Iringa akanyoosha mkono. Nikampa zote, na ya Mwalimu ilikuwa katikati.

Basi lilipotoka ndipo nikasikia mchanga unashuka. Nasema kweli, niliusikia, pale stendi, kwenye lami.

Jumamosi nikapiga simu ya jirani yake, haipatikani. Jumapili haipatikani. Nikampigia Zakaria mdogo.

"Babu mzima, amepumzika," akasema. "Unamtakia nini?"

"Mwambie ile karatasi si ya kweli. Vitabu vyake viko kwenye jina lako, na wewe unajua."

Akasema taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu: "Mzee wangu, ulikaa kimya tangu mwezi wa tatu. Leo kimekuuma nini?"

Nikakata simu.

Jumatatu sikwenda kazini. Nikapanda basi la kwanza. Makambako tukakaa saa nzima, tairi. Mafinga kukawa na ukungu, dereva anatambaa. Nilikuwa nakanyaga breki na mafuta mwenyewe pale kwenye kiti, jirani yangu akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Mlandege niliingia saa tisa na nusu. Tangu jana yake sijatia kitu mdomoni. Kwenye kona kabla ya nyumba ya Mwalimu kuna mama anauza karanga za kukaanga. Nikanunua kifuko kimoja nipate nguvu ya kusema.

Nikatia mbili mdomoni. Nikaangalia karatasi ya kifuko.

Wino wa bluu. Herufi zimelala upande mmoja.

"Karanga zina nini, kaka?" yule mama akauliza. "Zimeungua?"

"Hii karatasi umeitoa wapi?"

"Kwa babu Kalolo, hapo juu. Kaleta mwenyewe Jumamosi, kaunta buku tatu nzima. Karatasi nzuri, nzito, haipitishi mafuta."

"Wewe ndiye Mama Pendo?"

"Ndiye. Nilimwambia, babu, humu si kumeandikwa? Akasema yameandikwa lakini hayasomwi, funga karanga."

Nikamuuliza zimebaki ngapi. Akafunua beseni. Jana yake kulikuwa na mpira uwanjani, watu walijaa, aliuza kuliko siku zote. Zilibaki karatasi chache zimechanwa chanwa, hazina mpangilio, na vifuko kama kumi vilivyokwisha kufungwa. Nikanunua vyote. Nikamwaga karanga kwenye mfuko wa nailoni, nikawa nanyoosha karatasi pale pale juu ya paja. Mama Pendo alinitazama kama mwendawazimu, halafu akaanza kunisaidia kunyoosha, bila kuuliza.

Mwalimu alikuwa nje, kwenye jua, koti lake limefungwa vifungo vyote. Ukutani, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona kalenda ya kanisa. Pembeni yake taarifa zote za miaka ya nyuma, na mbili za mwisho, za sifuri, nazo amezibandika. Hakuficha kitu yule mzee.

"Kamwene," akasema. "Umekuja bila mzigo leo."

Nilipiga magoti. Nikasema yote. Ijumaa ile, ukurasa wa manjano, wasichana waliocheka, Festo, mjukuu. Nikamwambia kitabu chake ndicho kinachotoka kuliko vyote stoo, watoto bado wananiuliza. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa, macho yamelenga juu ya kichwa changu.

Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu yake, Mwalimu. Siku ya tatu."

"Kwa hiyo nilipokupigia Juni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuuliza kama watoto hawasomi."

"Nilikuwa najua."

"Na bahasha ilifungwa na nani?"

"Na mimi."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu ambayo hakutaka itoke hivyo. Nikamwonyesha zile karatasi. Nikamwambia Mwalimu, andika upya, mimi nitakaa hapa niwe nakusomea hizi zilizopona.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuwa namtunga yule binti. Nilikuwa namfuata. Kila asubuhi naamka, namkuta alipolala, namfuata. Sasa nimemwacha njiani. Nikienda leo pale nilipomwacha hayupo."

Nililia. Yeye hakulia. Akaangalia ule mfuko wa nailoni mkononi mwangu.

"Kula karanga zako," akasema. "Zitapoa."

Akaingia ndani. Hakufunga mlango. Hakurudi pia.

Kesho yake niliingia ofisini kwa Madamu Atupele na kumwambia mbele ya Festo. Madamu akamgeukia Festo, Festo akafungua kompyuta, akahamisha vitabu, akarudisha kila kimoja mahali pake. Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Miezi tisa nilikuwa natetemeka kwa kitu cha dakika kumi.

Mwalimu alilipwa chake chote. Mimi nilifukuzwa mchana huohuo. "Kosa la kusema mmoja ningekusamehe," Madamu akasema. "Ulijua, ukanyamaza." Ana haki. Ila na wewe, Madamu, uliyetaka iishe Ijumaa, uliyesimama na chai yako, jiulize. Festo yuko palepale, amebadilishiwa meza, kubwa zaidi. Aliandika barua ya kujieleza, kwa Kiingereza. Zakaria mdogo ameezeka nyumba. Babu hajamshtaki. Nasikia alisema, "Nitamshtaki vipi? Karatasi ya mahakama itaandikwa Kalolo dhidi ya Kalolo, hakimu atadhani nimechanganyikiwa."

Mimi sasa nauza viatu vya mitumba hapahapa Soweto. Mwalimu yu hai. Nikipiga simu anapokea, tunaongea mvua na mahindi. Kitabu hatukitaji. Lazaro wa Chunya nilimchukia miaka kumi na nne kwa kunyamaza. Mwezi uliopita nilimtafuta. Tulikaa kwenye benchi, tukagawana soda.

Wewe unayesoma hili, huenda kazi yako ni orodha za watu. Wagonjwa, wanafunzi, waumini, wanachama wa chama cha tumbaku, sijui. Kompyuta ikikuuliza huyu na huyu ni mmoja, usijibu kwa kutafuta sifa. Inuka kaangalie kadi. Jaribu na kumi kwanza hata wakikuita mshamba. Na ukikosea, maana utakosea, piga kelele siku hiyohiyo, ukiwa bado unaona aibu. Ukisubiri aibu ipite utakuta na mtu amepita.

Karatasi nilizookoa ziko kwenye boksi la viatu. Thelathini na mbili. Mwalimu hakuwa anatia namba za kurasa, kwa hiyo kila Jumapili nazitandaza kitandani nazipanga, na kila Jumapili zinakuja tofauti. Nimeshasoma moto ulivyozimika. Nimeshasoma nyuki walivyotua begani kwake. Mama yake hayumo popote.

Ile ambayo huwa naiweka mwisho ina doa la mafuta katikati. Mstari wake wa chini unasema: *Binti akasimama ukingoni mwa mto, akaweka mzinga chini, akaita.*

Hapo karatasi imechanika.